Watoto wawili, sinia moja: mmoja meno yameoza, mwingine mazima. Tatizo ni nini?

#1 Mama wa Magomeni
Wakuu, habari za jioni. Nina binti wa miaka mitatu na miezi minne. Meno yake manne ya mbele ya juu yameliwa hadi karibu na fizi, vimebaki vijiti vya kahawia. Gego moja la chini lina tundu ambalo punje ya wali inaingia na kukaa humo. Juzi usiku hakulala, alishika shavu mpaka alfajiri akisema "mama, jino linagonga".

Kinachonichanganya ni hiki. Hapa nyumbani namlea pia mtoto wa dada yangu, wa kiume, wamepishana miezi mitano. Wanakula sinia moja, maji ya ndoo moja, chai ya birika moja, na lambalamba nikinunua nanunua mbili. Huyu wa kiume meno yake meupe kama tui la kwanza, hana hata doa.

Mama yangu yuko Newala, anasema niache, meno ya utoto ni ya kupita. Kaka yangu, ambaye ndiye mjomba wa mtoto na kwetu neno lake ni zito, naye kasema tusimhangaishe mtoto na mahospitali. Kuna mahali nilimpeleka mwaka jana nikajibiwa hivyohivyo, "yataanguka tu mama", nikapewa dawa ya maumivu nikarudi. Wenye uzoefu nisaidieni: kwa nini huyu na si yule? Na ni kweli niyaache?

#2 KoroshoGhafi
Pole sana dada. Jibu ni sukari, hakuna lingine. Watoto wa siku hizi asubuhi chai ya sukari na andazi, saa nne pipi, saa nane lambalamba, jioni ubuyu wa rangi. Sisi tuliokulia Tandahimba tulikula ming'oko na mihogo, hakuna aliyekuwa na tundu.

#3 Mvuvi wa Msimbati
Mpe samaki mwenye mifupa, dagaa wazima na vichwa vyake. Huku kwetu watoto wanatafuna samaki toka wana mwaka, meno yao chuma.

#4 Dereva wa Masasi
#3 Mvuvi, wewe nimekupakia kwenye gari langu mara ngapi? Ukicheka yanaonekana mapengo mawili upande wa kushoto. Samaki wamekwenda wapi hapo?

#5 Mvuvi wa Msimbati
Hayo mapengo ni ya kufungulia soda kwa meno enzi za ujana, siyo kuoza. Tusichanganye mambo.

#6 Bi Mkubwa wa Mikindani
Mama wa Magomeni, mwanangu, pole. Mimi nina wajukuu kumi na mmoja. Hao ni funza. Zamani mtoto akilia jino, bibi anachukua mbegu za tunguja, anazitia kwenye kaa la moto, mtoto anafunikwa kanga na kuvuta ule moshi kwa mdomo. Funza wanaanguka kwenye bakuli la maji, unawaona kwa macho yako. Mimi nimewaona.

#7 Tabibu wa Kinywa Kusini
Shikamoo Bi Mkubwa. Ninakuheshimu sana, lakini hapo naomba nikupinge kwa adabu. Vile vyeupe vinavyoanguka kwenye maji ni viini vya mbegu zenyewe. Mbegu ikipata moto inapasuka, kiini kinaruka nje kikiwa kirefu na cheupe kama funza. Choma mbegu hizo juu ya bakuli bila mtoto yeyote hapo, utawapata haohao "funza".

Dada mleta mada, mimi ni tabibu wa meno, nipo kazini mikoa hii yetu kwa miaka kadhaa. Kuna vijidudu vya kinywani ambavyo kila mtu anavyo. Vikipata sukari vinatengeneza tindikali, na hiyo tindikali inayeyusha ngozi ngumu ya jino. Kwa meno ya utoto ngozi hiyo ni nyembamba kuliko ya meno ya ukubwani, ndiyo maana tundu linakimbia. Leo doa, baada ya miezi michache jino limekatika.

Kabla ya kusema kwa nini huyu na si yule, nijibu haya. Alinyonya mpaka umri gani? Alikuwa akilala na ziwa mdomoni? Na nani alimswaki kabla ya kulala?

#8 Bi Mkubwa wa Mikindani
Marahaba mwanangu. Sijakubali bado, ila nimekusikia.

#9 Mama wa Magomeni
Ahsante Tabibu. Binti alinyonya mpaka miaka miwili na miezi miwili. Ndiyo, alilala na ziwa mdomoni kila siku, usiku anashtuka anavuta tena. Huyu wa kiume aliachishwa akiwa na mwaka mmoja na kidogo kwa sababu dada alipata kazi Dar. Mswaki nilianza kuwapigisha wote walipokaribia miaka mitatu, tena asubuhi. Usiku sikujua kama kuna haja.

#10 KoroshoGhafi
Basi ni ziwa la usiku. Imeisha hiyo.

#11 Binti Nachi
Haijaisha! Msituletee lawama kwenye ziwa. Nimenyonyesha watoto watatu hapa Nachingwea, wote wamefika miaka miwili, wote wakilala nalo, na hakuna aliyeoza hata jino moja. Mtu akisoma #10 ataachisha mtoto wa miezi minane kwa kuogopa meno.

#12 Tabibu wa Kinywa Kusini
Binti Nachi yuko sahihi kulinda ziwa, na mtu asimwachishe mtoto mapema kwa ajili ya meno. Maziwa ya mama peke yake siyo adui mkubwa. Shida huanza mtoto akishavuka mwaka, meno yametoka, mchana anakula vyakula vya sukari, usiku ananyonya mara nyingi na hakuna anayemsafisha. Usiku mate hupungua, na mate ndiyo yanayosafisha na kupoza ile tindikali. Meno ya juu ya mbele ndiyo yanayoumia kwanza, kwa sababu ya chini yanafunikwa na ulimi na yapo karibu na tezi za mate. Maelezo ya binti yake yanafanana na hilo. Lakini kufanana siyo kuthibitisha, na watoto wa Binti Nachi ni ushahidi kwamba kuna kitu kingine kinachoongezeka.

#13 Mwl Newala
Nimesoma mleta mada ana mama yake Newala. Naomba kuuliza, je mtoto aliwahi kukaa huku? Watu wengi wa uwandani tunakunywa maji ya mvua tuliyovuna kwenye matangi. Maji ya mvua hayana madini ya floraidi kama ya visima, na floraidi ndiyo inayoimarisha jino. Mimi nadhani ndiyo sababu wanafunzi wangu wengi wa darasa la kwanza wana meno mabovu.

#14 Mgeni kutoka Arusha
Mwalimu, sisi kwetu ni kinyume kabisa. Nimezaliwa chini ya Mlima Meru, maji yetu yana floraidi nyingi mno na meno yetu ni ya kahawia tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, kwetu kuna vyanzo vinavyopita hapo mara kadhaa. Nilipohamia Mtwara kikazi watu waliniuliza kama navuta ugoro. Kwa hiyo usiitamani sana hiyo floraidi ya kwenye maji.

#15 Mwl Newala
Pole mkuu. Sikusema ya kwenu, nilisema kiasi.

#16 Mama wa Magomeni
Mwalimu umenigusa. Ndiyo, binti alikaa Newala kwa bibi miezi sita. Nilimpeleka kuachishwa ziwa, kama ilivyo desturi. Mwenzake alibaki na mimi. Sasa nimempigia mama kumuuliza alimtulizaje usiku. Amesema alikuwa anampa chupa ya maji ya sukari, akilia tu anapewa, alale. Alisema kwa upendo kabisa, "mjukuu wangu alikuwa analia ziwa, ningefanyaje?" Sikuweza kumwambia kitu.

#17 Tabibu wa Kinywa Kusini
Usimlaumu mama. Nusu ya bibi ninaokutana nao wamefanya hivyo, na walifanya kwa huruma. Chupa ya maji ya sukari usiku ni mbaya kuliko ziwa mara nyingi zaidi. Kama mtoto lazima alale na chupa, iwe na maji matupu.

#18 KoroshoGhafi
Nilisema sukari toka #2.

#19 Nesi Mstaafu Lindi
Habari za humu. Nimefanya kazi ya wodi ya watoto na kliniki ya mama na mtoto kwa muda mrefu, nataka kuuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Dada, binti yako alizaliwa kwa wakati wake?

#20 Mama wa Magomeni
Hapana. Alizaliwa miezi saba. Kilo moja na gramu mia nane. Umejuaje?

#21 Nesi Mstaafu Lindi
Sijajua, nimeuliza tu kwa sababu nimewaona wengi. Meno ya utoto yanaanza kutengenezwa mtoto akiwa bado tumboni. Mtoto njiti, au aliyeugua sana miezi ya mwanzo, mara nyingi meno hutoka na ngozi dhaifu, yana vishimo au madoa ya njano tangu siku ya kwanza. Jino la namna hiyo linaanza mbio likiwa nyuma ya wenzake. Mnaweza kuwapa watoto wawili sukari ileile, mmoja akaoza mwingine asioze.

Na njiti huugua mara kwa mara. Alikunywa dawa nyingi za maji?

#22 Mama wa Magomeni
Karibu kila mwezi. Kifua, homa, kifua. Na nilimpa usiku kabla ya kulala.

#23 Nesi Mstaafu Lindi
Dawa nyingi za maji za watoto zimetiwa sukari ili zinyweke. Mtoto mgonjwa lazima apewe dawa, hapo hakuna mjadala. Ila akimaliza mpe maji anywe, umfute meno kwa kitambaa, ndiyo alale. Sisi wenyewe tulikuwa hatusemi hivyo kliniki. Tulipima uzito, tukachanja, tukajaza kadi, na mdomo hatukuufungua. Linanisumbua mpaka leo.

#24 Dereva wa Masasi
Sasa sababu zimefika ngapi? Ziwa, sukari, maji ya mvua, njiti, dawa, funza wa Bi Mkubwa...

#25 Bi Mkubwa wa Mikindani
Ongeza na kutafuniwa. Bibi akimtafunia mtoto chakula, anampa na ubovu wa meno yake. Hilo hata mama yangu alilikataza.

#26 Tabibu wa Kinywa Kusini
Bi Mkubwa, hapo mimi na wewe tuko pamoja. Vile vijidudu mtoto hazaliwi navyo, anavipata kwa mate ya watu wanaomlea, mara nyingi mama au bibi. Kuonja uji na kijiko kilekile, kulamba nyonyo iliyoanguka chini na kumrudishia mtoto, kutafunia, yote ni njia. Mlezi mwenye matundu mengi anamrithisha vingi.

#27 Bi Mkubwa wa Mikindani
Basi mama yangu alikuwa tabibu.

#28 Kivinje
Mimi naomba kugusa jambo zito kidogo kwa sababu uzi huu unasomwa na kina mama wachanga. Msije mkampeleka mtoto kwa mganga wa "meno ya plastiki". Mdogo wangu akiwa na miezi saba aliharisha na homa kali. Tukaambiwa ana meno ya plastiki, akapelekwa kwa mtu, akachokonolewa fizi kwa spoki ya baiskeli. Alitoka damu usiku kucha. Alipona, Alhamdulillah, lakini sasa ni mtu mzima na chonge mbili za chini hazikuota kamwe. Kuna jirani ambaye mtoto wake hakupona.

#29 Nesi Mstaafu Lindi
Nashukuru umelisema. Kile cheupe kinachoonekana kwenye ufizi wa mtoto mchanga ni jino la kawaida la utoto, chonge, ambalo bado halijatoka. Ni laini kwa sababu halijakomaa, ndiyo watu wakaliita plastiki. Umri huo mtoto anatambaa na kuokota kila kitu, kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua, kwa hiyo kuharisha na homa hukutana na kuota meno kwa wakati mmoja, na jino linabeba lawama. Mtoto mwenye homa kali apimwe malaria. Aliyeharisha apewe maji ya chumvichumvi (ORS) na zinki. Ufizi haukuhusika.

#30 Binti Nachi
Na mwanangu wa pili alitanguliza meno ya juu. Mama mkwe aliniambia ni kigego, nisimtoe mbele za watu, nimfunike mdomo mtoto mpaka ya chini yatoke. Nilimficha wiki tano. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikilia kila siku.

#31 Bi Mkubwa wa Mikindani
Mwanangu, pole. Zamani ilikuwa vibaya zaidi ya kufichwa. Kigego alihesabiwa nuhusi wa ukoo mzima, na siwezi kuandika hapa yaliyokuwa yakitendwa. Tumetoka mbali.

#32 Tabibu wa Kinywa Kusini
Kwa kawaida hutangulia mawili ya mbele ya chini, karibu na miezi sita. Lakini mtoto kutanguliza ya juu ni tofauti ya maumbile tu, kama mmoja kutembea na miezi tisa na mwingine na kumi na minne. Asiyekuwa na jino hata moja akifika mwaka na nusu, huyo ndiye aonwe.

#33 Mvuvi wa Msimbati
Kwani yote jumla ni ngapi, ishirini na nne?

#34 Mwl Newala
Ishirini, Mvuvi. Ya mbele nane, chonge nne, magego nane. Yanakamilika akikaribia miaka mitatu. Ya ukubwani ndiyo thelathini na mawili.

#35 Mvuvi wa Msimbati
Thelathini, kwa upande wangu. Sawa mwalimu.

#36 Dereva wa Masasi
Mwalimu ukiwa hapohapo, mnada wa korosho wa safari hii bei imekaaje kwenu?

#37 KoroshoGhafi
Dereva, usituvurugie uzi, bei kuna uzi wake. Ila kwa kuwa umeitaja korosho, tusisahau mabibo. Msimu ukiingia watoto wanashinda shambani wanakula mabibo, na bibo likikaushwa, ndilo kochoko, linakaa mfukoni siku nzima. Lile linanata kwenye meno kama gundi.

#38 Mwl Newala
Bibo bichi lina vitamini C kuliko chungwa, tusiliseme vibaya. Kochoko nakubaliana nawe. Chochote kinachonata na kuliwa kidogo kidogo kutwa ni kibaya kuliko kinachomalizwa mara moja.

#39 Mama wa Magomeni
Narudi kwenye swali langu la pili, samahani. Niyaache au nisiyaache? Mjomba wake atanipigia leo usiku na sina la kumwambia.

#40 Tabibu wa Kinywa Kusini
Mwambie hivi. Meno ya mbele yanaanza kuanguka akiwa na miaka sita au saba. Lakini magego ya utoto hayaanguki mpaka miaka kumi hadi kumi na miwili. Binti ana miaka mitatu. Gego lenye tundu analo kwa miaka saba au tisa zaidi. Kumwambia mtoto asubiri miaka saba na jino linalogonga usiku siyo haki.

Pili, chini ya kila jino la utoto kuna jino la ukubwani linajengwa. Usaha ukikaa kwenye mzizi wa jino la utoto, lile la chini linaweza kutoka na doa au kishimo. Tatu, jino la utoto linashika nafasi. Likitolewa mapema, hasa gego, majirani zake wanasogea, na la ukubwani linakuta mlango umefungwa, linatoka kando. Watu wanasema "mtoto wangu kapanga meno vibaya, karithi kwa baba", kumbe ni gego lililong'olewa akiwa na miaka minne.

Na mtoto mwenye maumivu anakula kidogo. Muulize mjomba kama amewahi kumwona huyu binti akila muhogo wa kuchoma karibuni.

Usaha ukishatoka, au shavu likivimba, au homa ikija, hiyo siyo ya kungoja hata siku moja. Na msinunue kapsuli dukani mkamgawia nusu nusu. Zile hazizibi tundu, maumivu yanajificha tu na kurudi. Wala msimwekee aspirini kwenye ufizi, inaunguza.

#41 Mama wa Magomeni
Muhogo hajala tangu Ramadhani. Nilidhani anadeka.

#42 Mgeni kutoka Arusha
Mtoto wa miaka mitatu atakubali mashine ya kutoboa? Mimi mtu mzima nikiisikia ile sauti natoka jasho.

#43 Tabibu wa Kinywa Kusini
Mashine siyo lazima kila mara. Kuna njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu na kuziba kwa dawa inayoshikana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Haina kelele, mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Ililetwa kutoka Uholanzi.

#44 Nesi Mstaafu Lindi
Nikurekebishe hapo mwanangu. Aliyeibuni, Jo Frencken, ndiye Mholanzi, lakini njia yenyewe ilianzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, akiwa chuo kikuu Dar es Salaam. Ilitafutwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, kama vyetu vya wakati ule. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima.

#45 Tabibu wa Kinywa Kusini
Ahsante mama, nimesahihishika. Nimeitumia miaka yote hii bila kujua ni ya kwetu.

#46 Kivinje
Gharama je? Wengi tunashindwa hapo.

#47 Nesi Mstaafu Lindi
Kisera, mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Vifaa vya kuzibia ndivyo huadimika, kwa hiyo piga simu kwanza au uliza siku ambayo tabibu wa meno yupo, kabla hujapanda gari kutoka kijijini. Ukiambiwa "tunang'oa tu", uliza kama kuna mahali wanaziba.

#48 Binti Nachi
Naomba na ya kumswaki. Mimi wa mwisho ana mwaka na miezi minne, akiona mswaki anafunga mdomo kama chaza.

#49 Tabibu wa Kinywa Kusini
Mlaze kichwa kwenye mapaja yako, uso unatazama juu, wewe upo nyuma yake. Inua mdomo wa juu kwa kidole. Mswaki laini mdogo, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, siyo zaidi, mpaka afike miaka mitatu. Kuanzia mitatu hadi sita, kiasi cha punde ya njegere. Mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo kubwa, baada yake hali kitu. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Na wewe mzazi ndiye unayeswaki mpaka afike miaka saba au nane. Mtoto wa miaka minne akipewa mswaki peke yake anakula dawa na kutafuna brashi.

Ukiinua mdomo ukaona mstari mweupe kama chaki kando ya ufizi, hapo ndipo pazuri pa kukamatia. Bado halijatoboka, linaweza kurudi likawa gumu.

#50 Tabibu wa Kinywa Kusini
Samahani, #49 nimeandika "punde", ni punje ya njegere.

#51 KoroshoGhafi
Na mswaki wa mti? Babu yangu Mmakonde alichongwa meno yakawa kama ya papa, na alitumia kijiti cha mwarobaini mpaka anafariki, yote yapo.

#52 Tabibu wa Kinywa Kusini
Kijiti kwa mtu mzima ni kizuri, akijua kukitumia. Kwa mtoto mdogo kinachoma ufizi na hakifiki nyuma. Mkaa usitumie kabisa, unakwangua jino.

#53 Mama wa Magomeni
Wakuu, narudi baada ya wiki mbili. Nilizungumza na mjomba nikamsomea #40 yote kwa simu. Alikaa kimya, kisha akasema, "mpeleke, na nauli nitatuma." Ametuma kweli.

Meno mawili ya mbele yalikuwa yameanza kutunga usaha juu ya ufizi, nilikuwa nadhani ni kipele. Hayo yametolewa. Mengine mawili yameachwa, yanaangaliwa. Gego limekwanguliwa kwa mkono kama Tabibu alivyosema na kuzibwa. Alilia wakati wa sindano ya mbele tu. Gego hakulia. Jana amekula muhogo wa kuchoma, vipande vitatu, nikatoka nje nikakaa barazani kidogo.

Nilimuuliza aliyemtibu, kwa nini huyu na si yule. Akasema labda njiti, labda chupa ya Newala, labda vyote, hawezi kunipa moja.

#54 KoroshoGhafi
Alhamdulillah. Sukari lakini.

#55 Nesi Mstaafu Lindi
Njiti. Lakini nimefurahi muhogo.

#56 Mama wa Magomeni
Nina la mwisho. Nilikwenda na kaka yake mkubwa wa miaka saba, kunisindikiza tu kubeba begi. Tabibu akasema naye afungue mdomo. Nyuma kabisa, baada ya magego ya utoto, ana gego jipya chini kila upande, na moja lina tundu jeusi. Nikasema si tatizo, ni ya utoto. Akaniambia hapana mama, hili ni la ukubwani, linatoka miaka sita bila kung'oa lingine, ndiyo maana hakuna mzazi anayejua limefika. Hili halianguki, ndilo atakalokufa nalo. Wamelizuia mapema, limezibwa. Wote wenye watoto darasa la kwanza, washeni tochi ya simu leo usiku.

#57 Dereva wa Masasi
Nimewasha sasa hivi kwa binti yangu, ana miaka sita na nusu. Lipo kweli, nusu limetoka, na mimi ndiye baba yake sikujua. Tabibu, lina mfereji mweusi katikati, juu. Ni uchafu au ndiyo limeanza?

#58 Tabibu wa Kinywa Kusini
Mswaki kwanza, taratibu, kisha uangalie tena. Ukiendelea kuwa mweusi, mlete. Jumatatu hadi Ijumaa nipo, njoo asubuhi kabla foleni haijajaa.

#59 Dereva wa Masasi
Jumatatu nina safari ya Mtwara. Nampakia.